Simba, Dala na Nyumba: Vizazi na Kujitegemea Lambwe

Katika bonde la Lambwe, Homa Bay, tofauti ya vizazi kuhusu kujitegemea haihusu umri hasa, bali ni nani mwenye mamlaka ya kuuthibitisha utu uzima wa kijana.

Kwa desturi ya Waluo, kijana hujenga simba, yaani kibanda chake, ndani ya boma la babake. Akisha kuoa na kupata watoto, baba humwongoza kwenda kuanzisha dala lake mwenyewe, na mdogo hamtangulii mkubwa. Hivyo, kujitegemea hakukuwa kumwasi mzazi; mzazi ndiye aliyekukamilisha.

Utaratibu huo ulihitaji ardhi. Lambwe, mbung'o na malale viliwafukuza wakazi. Sehemu ya bonde ikafanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, kisha Mbuga ya Taifa ya Ruma mwaka 1983. Kijana aliyekosa shamba aliufuata ujira mjini, nao ukampa nyumba isiyohitaji idhini ya baba.

Je, nyumba hiyo ni dala? Swali hili, linalowagusa Waluo wote, lilifika Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 1987 katika kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno. Ukoo wake, Umira Kager, ulishikilia kwamba makazi yake ya Nairobi yalikuwa nyumba tu, kwani hayakuanzishwa kidesturi. Ukoo ulishinda, Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Kizazi cha baba huuliza aliyekusindikiza. Cha mwana, aliyegharimia. Mhakiki anayeliita jibu la pili maendeleo amekwisha kuamua kesi kabla ya kuisikiliza.