Ungamo Lisilo na Mchungaji: Wasomaji wa Makbeth, Kutoka London hadi Upare

Mwaka 1968 Tanzania Publishing House ilichapisha Makbeth, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na S. S. Mushi. Miaka mitano kabla ya hapo Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kutoa tafsiri yake ya Julius Caesar. Hivyo, mapema baada ya uhuru, msomaji wa Kiswahili alipata misiba miwili ya tamaa ya ukuu. Makala haya yanauliza: wasomaji wa Makbeth wameona nini, na mchungaji aone nini?

Kisa ni kifupi. Jemadari wa Uskoti anatabiriwa ufalme na wachawi watatu. Akihimizwa na mkewe, anamwua mfalme wake aliyelala nyumbani mwake kama mgeni. Anapata kiti, anakosa usingizi. Mkewe naye anatembea usiku hali amelala, akisugua mikono ili kuondoa damu ambayo hakuna mwingine aionaye.

Kila msomaji ameitazama habari hii kwa macho ya wito wake. Simon Forman, tabibu na mnajimu wa London, aliiona ikichezwa mwaka 1611. Aliandika kwamba damu haikutoka mikononi mwa wauaji, na kwamba malkia aliungama yote usingizini huku tabibu akiyaandika maneno yake. Samuel Johnson, mwaka 1745, alishughulika na wachawi: alieleza kwamba mshairi wa siku zake angelaumiwa kwa kuwaleta jukwaani, lakini watu wa siku za Shakespeare waliwaamini. Rais Abraham Lincoln, tarehe 9 Aprili 1865, aliwasomea wenzake melini mahali ambapo mwuaji anamwonea wivu marehemu kwa kuwa amelala kwa amani. Siku tano baadaye Lincoln mwenyewe alipigwa risasi.

Msomaji wa milima ya Upare naye ana macho yake. Mapokeo ya Ugweno, ambayo Isaria Kimambo aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1969, yanasimulia jinsi ukoo wa Wasuya, wakiongozwa na Angovi, ulivyowapokonya utawala Washana waliokuwa wahunzi. Kwa hiyo kiti kilichotwaliwa kwa nguvu si jambo geni kwake. Wala uaguzi si jambo geni. Jakob Dannholz, mmisionari wa Leipzig aliyetumika Mbaga, alichapisha mwaka 1916 kitabu kizima juu ya imani ya mizimu miongoni mwa Wapare. Basi ni rahisi msomaji wetu kuhukumu kwamba Makbeth alirogwa, na kufunga kitabu.

Lakini hukumu hiyo haisimami. Banquo alikuwepo, akawasikia wachawi wale wale, naye akaahidiwa kwamba uzao wake utatawala. Hata hivyo hakumwua mtu. Utabiri ulikuwa mmoja, mioyo ilikuwa miwili. Anayemsingizia mchawi dhambi ya moyo wake hujinyima dawa, kwa maana hakuna aungamaye kosa la mwenzake.

Hapa ndipo mchungaji anapopaswa kusoma polepole. Tabibu, akiisha kumsikia malkia, anakiri kwamba ugonjwa huu unapita elimu yake, na kwamba mgonjwa anamhitaji mtumishi wa Mungu kuliko tabibu. Kisha anaondoka. Hakuna anayetumwa kumwita mchungaji. Malkia anakufa akiwa ameungama yote, wala hakusikia neno la ondoleo. Daudi naye alimwaga damu ya Uria na kuificha, lakini alikuwa na Nathani, ambaye alimwambia ukweli na pia alimtangazia msamaha.

Katika Katekisimu Ndogo Luther aliweka mafundisho ya maungamo, akiyagawa katika mambo mawili: kuziungama dhambi, na kupokea ondoleo kama litokalo kwa Mungu mwenyewe. Hatuna budi kujiuliza kama katika sharika zetu, kuanzia Same mjini hadi Mbaga na Gonja, jambo la pili linajulikana kama la kwanza. Iwapo mchungaji anafahamika tu kama mtu wa kumtenga mwenye dhambi na Meza ya Bwana, aliye na damu mikononi ataendelea kunawa usiku, peke yake, au atakwenda kwa mganga. Tabibu wa Makbeth alitambua mipaka ya kazi yake. Inatupasa sisi kuwepo pale anapoishia.