Aloi za nikeli: uoksidishaji katika seli za fueli

Seli za fueli za oksidi mango huzalisha umeme zikiwa kwenye nyuzi 600 hadi 1000 za Selsiasi. Metali inayoteseka zaidi humo ni ya sahani ya kuunganishia: hukaa kati ya seli mbili, hupitisha umeme, na huzuia haidrojeni ya upande mmoja isikutane na hewa ya upande wa pili.

Kwenye joto hilo aloi haiwezi kukwepa kutu; inachoweza ni kuchagua kutu iliyo njema. Nikeli tupu hufanya oksidi ya kijani inayozidi kunenepa. Ikitiwa kromi ya asilimia 20 hivi, hujifunika utandu mwembamba wa oksidi ya kromi unaoizuia oksijeni kupenya. Albert Marsh wa Marekani alipata hataza ya aloi ya namna hiyo mwaka 1906, na waya za jamii hiyo bado huwaka nyekundu ndani ya vikausha nywele bila kuteketea. Utandu hukua kwa kanuni aliyoieleza Carl Wagner mwaka 1933: unene uliofikiwa kwa saa 1,000 huongezeka maradufu zikitimia saa 4,000.

Seli ya fueli, hata hivyo, inadai utandu huo upitishe umeme. Oksidi ya alumini hukinga vizuri zaidi, lakini ni kihami, kwa hiyo haifai hapa. Oksidi ya kromi inapitisha kiasi cha kutosha, ila ina ila yake: kwenye hewa yenye unyevu hugeuka mvuke, mvuke huo ukatua kwenye elektrodi ya hewa na kuziba sehemu ambazo oksijeni ingemenyukia. Aloi ya Haynes 230, yenye kromi asilimia 22 na tangsteni 14, ina nafuu hapo kwa kuwa ina pia manganisi kidogo, ambayo hupanda juu na kufanya tabaka la pili linalopunguza mvuke. Chembe za lanthani huufanya utandu ung'ang'anie metali usibanduke.

Kikwazo kikubwa zaidi ni kutanuka. Sahani ya Haynes 230 yenye urefu wa sentimita 10, ikipoa kutoka nyuzi 800, hunywea zaidi kuliko kauri ya zirkonia ya seli iliyo kando yake kwa takriban theluthi ya milimita. Tofauti hiyo inatosha kuipasua kauri. Kwa sababu hiyo sahani nyingi sasa hutengenezwa kwa chuma cha pua cha kromi, mfano Crofer 22 APU, kinachotanuka karibu sawa na kauri, na aloi za nikeli hutumika zaidi kwenye mabomba na vibadilisha joto.