Bustani za Mboga Mjini Nairobi na Daftari la Mkulima



Katika mkutano mkuu uliopita baadhi yenu mliuliza kama yafaa Chama kiwakopeshe fedha wale wapendao kulima mboga mjini kwa kuuza. Halmashauri haikupenda kujibu kwa haraka. Ilituagiza sisi tulio katika kazi ya ukarani tutazame kwanza historia ya kazi hiyo, ili ijulikane waliotutangulia walifaulu kwa sababu gani, na walioanguka walianguka kwa sababu gani. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Watu wengi hudhani ya kuwa kilimo ni kazi ya mashambani tu, na ya kuwa alimaye mjini hajaacha desturi za kijijini kwao. Historia yaonyesha kinyume. Biashara ya chakula ilikuwako hapa kabla mji haujajengwa. Mwaka 1890, Bwana Lugard alipojenga boma lake Dagoretti, misafara iliyokwenda bara ilikuwa ikinunua maharage, viazi vitamu na nafaka kwa wenyeji. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali palipokuwa malisho ya Wamasai, penye maji ya baridi. Mara pakajaa vibarua, mafundi, makarani na askari, watu wa kula chakula kila siku wala hawana nafasi ya kukilima. Basi soko la mboga lilizaliwa pamoja na mji wenyewe.

Wa kwanza kulihudumia soko hilo walikuwa wa namna nyingi. Baadhi ya Wahindi walilima mboga kando ya mto. Akina mama wa Kikuyu walikuja kwa miguu kutoka upande wa Kiambu na Dagoretti, mizigo migongoni na ukanda kichwani. Askari Wanubi, waliotumikia jeshi la Mwingereza, walikalishwa Kibera kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nao wakalima huko pamoja na jamaa zao. Lakini angalieni jambo moja. Wanubi hao walikaa, wakalima, wakazaa watoto na wajukuu, na hati ya ardhi hawakuwa nayo. Jamii yao ilikabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017, yaani baada ya zaidi ya miaka mia moja. Jambo hili la kulima pasipo maandishi ndilo uzi unaopita katika habari hii yote, tangu mwanzo hata mwisho.

Wakati wa ukoloni sheria ilimhesabu Mwafrika kuwa mgeni mjini. Aliruhusiwa kuwapo kwa ajili ya kazi tu, kipande chake shingoni, na kazi ikiisha alitakiwa kurudi kwao. Mtu wa namna hiyo hangeweza kufikiriwa kuwa mkulima wa mji. Mahindi na mboga zilizopandwa kando ya njia, penye reli na mabondeni zilifyekwa, na sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: ya kwanza, kwamba mbu wa malaria huzaliana katika maji yanayokaa kwenye majani ya mahindi, ya pili, kwamba wezi hujificha humo. Habari ya mbu haikuwa na msingi mkubwa, maana mbu wa malaria hupenda zaidi madimbwi ya chini kuliko tone la maji katika jani. Hata hivyo katazo lilidumu. Sheria ndogo za mji za mwaka 1961 zilikataza kulima penye njia za umma, na uhuru ulipopatikana mwaka 1963 sheria hizo hazikuondoka pamoja na bendera ya mkoloni. Wakulima waliendelea kukimbizana na askari wa mji, wale ambao kila mtu huwaita kanjo.

Wakati huo huo mji ulikuwa ukikua upesi. Hesabu ya watu ya mwaka 1979 ilipata wakazi 827,775. Ile ya mwaka 2019 ilipata 4,397,073. Mishahara haikukua kwa mwendo huo. Ndipo sukuma wiki ikawa mboga ya kabwela kwa haki, kwa kuwa jina lake lasema kazi yake: humsaidia mtu kuisukuma wiki mpaka siku ya mshahara.

Mwaka 1985 lilitokea jambo ambalo sisi makarani twaliona kuwa kubwa. Taasisi ya Mazingira iliyoko Nairobi ilikwenda nyumba kwa nyumba katika miji sita ya Kenya, ikauliza nani analima. Ilionekana ya kuwa karibu jamaa 3 katika kila 10 walikuwa wakilima chakula katika mji walimokaa, na kwa Nairobi peke yake jamaa 1 katika kila 5. Wengi wa walimaji walikuwa wanawake. Kabla ya hapo watu hao walionekana na askari tu. Sasa walionekana katika hesabu, na aliyeandikwa katika hesabu si rahisi kusema kwamba hayupo.

Shida nazo zilikuja kuthibitisha hesabu hiyo. Mapema mwaka 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, njia zilifungwa na bei ya vyakula ikapanda. Huko Kibera, kulima mboga katika magunia yaliyojazwa udongo, na mawe katikati ya kupitishia maji, kulienea kwa msaada wa shirika moja la Kifaransa. Tena mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi tangu mwezi wa Aprili hata Julai, na mwaka huo huo ikawahimiza wananchi wafanye bustani milioni moja za nyumbani. Kitendo kilichokuwa kosa kwa babu kikawa shauri la serikali kwa mjukuu.

Katikati ya mambo hayo sheria nayo iligeuka. Sera ya Ardhi ya mwaka 2009 ilitambua kilimo cha mjini. Katiba ya mwaka 2010 ilimpa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, ikaweka kazi ya kilimo mikononi mwa kaunti. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ikatunga sheria yake yenyewe ya kukikuza na kukiongoza kilimo cha mjini. Lakini sheria haimpi mtu kiwanja. Humpa tu mlango wa kubisha, na anayebisha hapana budi awe na karatasi mkononi.

Jambo la maji lataka kutajwa pasipo kuficha. Katika Kibera na Maili Saba wakulima walipata kuziba mabomba ya maji machafu ili yafurike na kumwagilia bustani. Maji hayo hayana bili, hayakauki wakati wa kiangazi, na yana mbolea. Lakini yana mayai ya minyoo, na mara nyingine madini ya risasi kutoka viwandani na barabarani. Faida ipatikanayo kwa kumlisha jirani ugonjwa si faida ambayo Chama cha ustawi chaweza kuikopeshea fedha.

Sasa tuseme habari yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita wachache miongoni mwetu tulilima sukuma wiki na spinachi katika kiwanja kilichokuwa kitupu. Mwenyewe alituruhusu kwa mdomo, tukashukuru. Tulilima misimu mitatu. Asubuhi moja tulikuta mchanga na mawe ya kujengea yamemwagwa juu ya matuta, na miche mingine bado yachungulia pembeni. Hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Lililotuaibisha zaidi ni hili: tulipokaa kuhesabu hasara, tulishindwa. Kila jioni tulichuma za nyumbani bila kuandika. Maji tulilipa kwa fedha za mfukoni. Jasho letu hatukulihesabu kuwa kitu. Mpaka leo hatujui kama misimu ile mitatu ilileta faida au hasara, na sisi ndio watu ambao kazi yetu ni kuandika hesabu za wengine. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo twaonyesha hesabu ilivyo. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni kama mita 465 za mraba. Ukitoa robo kwa njia, kitalu na shimo la mboji, zabaki mita 348 hivi. Sukuma wiki ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, hapo huingia miche karibu 1,290. Miche hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, kisha baada ya kupandikizwa huanza kuchumwa kwa wiki sita hadi nane, na kuendelea kwa miezi kadhaa. Maana yake ni kwamba mkulima hutoa fedha kwa miezi mitatu hivi kabla ya kuona shilingi. Yeye aanzaye na fedha za kodi ya nyumba atang'oa miche kabla ya wakati. Ndiyo sababu yafaa matuta mawili matatu yapandwe terere au dania, ambazo huuzwa mapema. Managu na saga nazo zisidharauliwe: zamani ziliitwa chakula cha maskini, lakini siku hizi huuzwa hata katika maduka makubwa ya kujihudumia.

Katika daftari ziandikwe mbegu, samadi, maji, dawa, nauli na ujira, pamoja na ujira wa mwenye bustani mwenyewe. Mboga ziendazo jikoni kwake ziandikwe kwa bei ya soko, kana kwamba zimenunuliwa. Asipofanya hivyo atakuwa akila faida yake na kulalamika kwamba hana.

Baada ya kuyatazama haya, shauri letu kwa Halmashauri ni kwamba mkopo utolewe, lakini mwombaji alete maandishi matatu: ruhusa ya kiwanja yenye sahihi ya mwenyewe na muda wake, habari ya maji atakayotumia na yanatoka wapi, na daftari la hesabu lililoanzwa, hata kama ni la gunia moja tu mlangoni pake. Asiyejua kuandika asikataliwe. Sisi tutaketi naye kila mwisho wa mwezi tumwandikie. Tungalikuwa na mtu wa kutufanyia hivyo katika misimu ile mitatu, leo tungaliwaambia kwa hakika kama kazi hii inalipa.