Taiji: Namna Silaha Ilivyogeuka Kuwa Dawa

Wanafunzi wengi wa Taiji huambiwa na walimu wao kwamba sanaa hii ilizaliwa katika milima ya Wudang, nchini China, siku ambayo mtawa wa madhehebu ya Tao aitwaye Zhang Sanfeng aliwatazama nyoka na korongo wakipigana, akafahamu kwamba mlegevu ajuaye kujipinda humshinda mkakamavu ajuaye kupiga tu. Hekaya hii ni tamu, na walioieneza hawakuwa na nia mbaya. Ila haiwezi kubeba mzigo wa tarehe, kwa kuwa hata karne aliyoishi mtawa huyo haijathibitika, na maandishi ya kwanza yanayomhusisha na ngumi za Kichina ni ya mwaka 1669, zama nyingi baada ya wakati anaodhaniwa kuwa aliishi. Habari za kweli ni nyingine, na kwa maoni yangu zina ladha kuliko hekaya. Ni habari za mambo mawili, ufundi wa kupigana na elimu ya pumzi, yaliyoishi mbalimbali kwa karne nyingi hata yakakutana katika mwili mmoja. Na waliosababisha makutano hayo walikuwa askari wa dola iliyoanguka, mtumishi masikini wa duka la dawa, na wagonjwa waliokuwa wakitafuta siku za kuishi.

Katika mambo hayo mawili, elimu ya pumzi ndiyo kongwe. Mwaka 1973 wachimbuzi wa mambo ya kale walifungua kaburi la tatu la Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, ambalo lilifungwa mwaka 168 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, wakakuta humo, pamoja na vitabu vya tiba, kipande cha hariri kilichochakaa chenye picha za watu 44 waliopangwa katika safu nne. Wamo wanaume na wanawake, vijana na wazee, wengine wamevaa kanzu na wengine wako kifua wazi. Huyu amenyosha mikono juu, yule ameinama, na mwingine ameshika fimbo ndefu kwa mikono miwili. Kando ya baadhi yao pameandikwa maneno machache, na katika maneno hayo ndimo ilimo faida kubwa ya mwanatarehe, maana mengine hutaja mnyama anayeigwa, kama vile dubu, na mengine hutaja maradhi yanayokusudiwa kuondolewa, kama vile maumivu ya goti na uziwi. Katika watu wote hao hapana hata mmoja aliyechorwa akikabili adui.

Karibu miaka mia nne baadaye, katika siku za mwisho za dola ya Han, tabibu Hua Tuo, ambaye aliuawa kwa amri ya mtawala Cao Cao yapata mwaka 208, alimfundisha mwanafunzi wake Wu Pu michezo mitano ya kuigiza chui milia, kulungu, dubu, kima na ndege, kwa hoja kwamba mwili wa mwanadamu hutaka kazi, lakini hautaki kazi ya kuuvunja, na kwamba mwendo husaga chakula tumboni na kuifungulia damu njia zake. Waandishi wa tarehe za zama hizo wameeleza kwamba Wu Pu alipita umri wa miaka 90 akiwa bado na macho makali, masikio mazima na meno imara.

Nguzo ya elimu hiyo ilikuwa itikadi ya qi. Wachina walishika kwamba mwilini hupita nguvu ambayo ina njia zake maalumu. Njia zikiziba mtu huugua, nguvu ikipungua huchakaa, na ikikatika hufa. Ghala yake kuu waliiweka chini ya kitovu, kadiri ya vidole vitatu au vinne, mahali waitapo dantian, na njia ya kuijaza ghala hiyo wakasema ni pumzi: mtu avute hewa taratibu mpaka tumbo lijae, aitoe taratibu zaidi mpaka lipwee, na moyo wake utulie pale pale pumzi inapokomea, bila ya kukimbilia shughuli za dunia. Watawa wa Tao waliifuata elimu hii kwa tamaa ya maisha marefu, hata wengine wakaota ndoto ya kutokufa kabisa. Matabibu walikinai kwa faida zilizo karibu zaidi, yaani usingizi mwema, tumbo lisilosumbua na viungo visivyokakamaa.

Ngumi nazo zilikuwa na madrasa yake mbali na hayo. Katika karne ya 16 pwani ya China iliteswa na maharamia, na jemadari mmoja katika waliowatiisha, Qi Jiguang (1528–1588), alitunga kitabu cha kufundishia askari ambamo aliweka mikao 32 ya kupigana kwa mikono mitupu, aliyoichagua katika ufundi wa mabingwa wa wakati wake. Mkao wa kwanza ni wa mtu anayechomeka pindo la joho lake ili miguu ipate nafasi, na wa pili ni wa jogoo wa dhahabu aliyesimama kwa mguu mmoja. Mtafiti Tang Hao, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1930 alisafiri hadi kijiji cha Chenjiagou, wilaya ya Wen katika mkoa wa Henan, akapekua nasaba na daftari za ukoo wa Chen, aliona kwamba mikao 29 ya jemadari huyo imo ndani ya ngumi za kijiji kile, na miongoni mwayo umo ule wa kuchomeka joho na ule wa jogoo, ambayo ingali ikifanywa na wazee mabustanini hata leo.

Ukoo wenyewe humtaja Chen Wangting kuwa ndiye mwasisi wa ngumi zake. Alikuwa mtu wa silaha aliyeitumikia dola ya Ming, na dola hiyo ilipoanguka mwaka 1644 alibaki kijijini mwake bila bwana wa kumtumikia wala vita vya kupigana. Shairi linalonasibishwa naye lamwonyesha kuwa ni mzee aliyevunjika moyo, anayelima shamba kwa majira yake, anayebuni ngumi nyakati za faragha na kuwafundisha wanawe na wajukuu, na anayeliwazwa na kitabu cha Kitao kihusucho pumzi na siri za viungo vya ndani. Wala jambo hili halikuwa geni katika zama zile, kwani kitabu kingine kiitwacho Yijinjing, ambacho tamati yake ina tarehe ya mwaka 1624, nacho kilifundisha kwamba mtu aweza kwa mazoezi ya namna moja kuutia mwili nguvu za vita na kuupa afya na utakaso wa nafsi. Hapo, katika karne ya 17, ndipo silaha na pumzi zilipoanza kukaa nyumba moja.

Hata hivyo mwenye nyumba alikuwa bado ni silaha. Kwa vizazi kadhaa elimu ya Chenjiagou ilikuwa mali ya ukoo, na watu wake walilinda mashamba yao na kusindikiza bidhaa za wafanyabiashara katika njia zenye wanyang'anyi. Mwalimu mkuu wa mwanzo wa karne ya 19 alikuwa Chen Changxing (1771–1853), ambaye kwa kusimama wima bila ya kutikisika alipewa lakabu ya Bwana Kibao, kwa mfano wa vile vibao vya mbao vinavyosimamishwa majumbani kuwakumbuka wahenga. Yeye ndiye aliyemkubali mwanafunzi wa nje, Yang Luchan (1799–1872), mtu wa Yongnian katika Hebei, ambaye masimulizi ya wafuasi wake yasema kwamba alikuwa fukara aliyepata riziki katika duka la dawa lililomilikiwa na mtu wa ukoo wa Chen, na kwa mlango huo akafika kijijini. Basi ikiwa masimulizi hayo ni sahihi, sanaa hii ya vita ilitoka kwao ikipitia mahali panapopimwa mizizi na majani ya tiba.

Yang alikwenda Beijing, akapata sifa ya bingwa asiyeshindwa, akawafundisha wakuu wa Kimanchu na askari wa ulinzi wa mfalme. Aghalabu husemwa kwamba wanafunzi hao wenye majoho marefu na maisha ya raha hawakuweza miruko na vishindo vya miguu vya vijana wa Henan, na kwa sababu hiyo mwendo ukaanza kulainishwa. Lakini iliyoumaliza utawala wa ngumi ni bunduki. Tangu vita vya kasumba vya 1839–1842 China ilishindwa mara kwa mara na majeshi yenye mizinga, na mwaka 1900 wapiganaji wa ngumi walioamini kwamba miili yao haitobolewi na risasi walitobolewa. Mwaka uliofuata serikali ikafuta mitihani ya kijeshi iliyokuwa ikipima watu kwa upinde na kuinua mawe mazito. Mabwana wa ngumi wakajikuta wana kazi isiyo na soko.

Dola ya Qing ya Wamanchu ilipoanguka, wasomi wengi walikuwa wakilia kwamba taifa lao limekuwa mgonjwa wa Mashariki, na wakaiona katika mazoezi ya asili dawa ya udhaifu huo. Mwaka 1912 Xu Yusheng na wenzake walianzisha Beijing chama cha kutafiti elimu ya mazoezi ya mwili, wakawaita mabwana wa ngumi kufundisha waziwazi watu wa mjini waliokuwa tayari kulipa na kuuliza maswali. Sun Lutang (1860–1933) alichapisha kitabu cha Taiji mwaka 1921, na Chen Weiming akatoa chake mwaka 1925, akiwa ameandika humo kanuni kumi kutoka kinywani mwa mwalimu wake Yang Chengfu (1883–1936), mjukuu wa Yang Luchan. Kwa Yang Chengfu miruko ilikwisha, kasi ikasawazishwa, na mwendo ukawa mmoja usiokatika kutoka mwanzo hadi mwisho; na moja ya kanuni zake yaamuru kutumia nia badala ya nguvu za misuli.

Tazama, kwa mfano, mkao wa kufungulia. Mtu husimama miguu yake ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea, kichwa kimenyoka na mabega yameshushwa. Mikono huinuliwa mbele polepole hadi usawa wa mabega huku pumzi ikiingia, kisha viwiko hushuka, viganja hufuata, magoti hukunjika kidogo na pumzi hutoka, mpaka mikono ifike mbele ya mapaja. Mtu wa vita atakuambia kwamba huko ni kuinua mikono ya adui aliyekushika na kuivuta chini ili apoteze mizani. Mgonjwa wa kifua atakuambia kwamba ni mara ya kwanza leo hewa kufika chini ya mbavu zake. Nao wote wawili husema kweli.

Sauti ya mgonjwa ndiyo iliyozidi kusikika. Zheng Manqing (1902–1975), mchoraji na tabibu, alieleza kwamba kifua kikuu kilimtesa katika ujana hata Taiji ikamrudishia siha, naye baadaye akawafundisha wakazi wa New York mfululizo mfupi wa mikao 37. Liu Guizhen, mtumishi wa chama cha Kikomunisti mkoani Hebei, alipata nafuu ya vidonda vya tumbo katika miaka ya 1940 kwa mazoezi ya pumzi aliyofundishwa na mzee wa kwao, akayatungia kitabu mwaka 1957 na kuyaeneza katika nyumba za kuuguzia wagonjwa, hususan ile ya Beidaihe kando ya bahari, mpaka siasa za miaka ya 1960 zilipomshutumu na kumpokonya kazi. Katikati ya mambo hayo, mwaka 1956, tume ya michezo ya serikali ilitoa mfululizo wa mikao 24 uliofupishwa kutoka kwa ukoo wa Yang, ambao humalizika kwa takriban dakika tano, ilhali ule mrefu huchukua dakika 20 au zaidi. Na kwa ufupi huo wafanyakazi, wanafunzi na wazee waliweza kuufanya kabla ya kazi za asubuhi.

Utafiti wa tiba nao umekuja kupima. Huko Atlanta, Marekani, wazee 200 wenye miaka 70 na zaidi waligawanywa katika makundi, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba waliofundishwa Taiji kwa majuma 15 walipunguza hatari ya kuanguka mara kwa mara kwa karibu nusu. Majaribio mengine yamewafaa wenye maradhi ya Parkinson katika mizani ya mwili. Hapana chombo kilichoikamata qi na kuitia mezani, lakini mguu usioteleza na pumzi isiyokatika huonekana kwa macho. Na mwezi wa Desemba mwaka 2020 UNESCO iliitia Taiji katika orodha ya turathi zisizoshikika za wanadamu.

Wapo wanaosikitika kwamba sanaa imepoteza meno yake, na wapo, kwa upande wa pili, wanaoipachika miujiza, wakiahidi kwamba pumzi itaponya kila kitu. Tarehe yenyewe haiwaungi mkono hawa wala wale. Kila kizazi kiliibadili Taiji kwa kadiri ya hofu iliyokuwa mlangoni pake, iwe ni ya mharamia, ya mnyang'anyi wa njiani, au ya kifua kikuu, na hakuna kilichoona haya kufanya hivyo. Maadamu mambo ni hivyo, mzee wa leo anayejifunza mikao 24 ili asianguke bafuni hana deni kwa Zhang Sanfeng wala haya mbele ya mabondia. Ana haki ile ile waliyokuwa nayo watu wa Chenjiagou, ya kuchukua katika urithi kile ambacho mwili wake unakihitaji, na ya kumtaka mwalimu wake asiahidi zaidi ya hicho.