Lugha Moja, Nchi Ishirini

Wapo watu wanaoamini kwamba lugha moja ni kama nyumba moja: ukishapita mlangoni, vyumba vyote ni vyako. Katika miaka yangu ya kufundisha, hadi nilipostaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nimeisikia imani hiyo mara nyingi, na aghalabu husemwa na watu wenye nia njema. Katika kurasa hizi ningependa kuipima kwa mfano ulio mbali na kwetu, nao ni mfano wa sinema za Kihispania.

Kihispania ni lugha ya nchi zipatazo ishirini, kuanzia Hispania yenyewe hadi Meksiko, Kuba, Kolombia, Peru, Chile na Ajentina, bila kuisahau Guinea ya Ikweta iliyo hapa Afrika. Kama lugha peke yake ingetosha, basi sinema iliyotengenezwa Madrid ingependwa Lima, na ile ya Buenos Aires ingependwa Havana. Historia inatuambia kwamba mambo hayakuwa mepesi hivyo.

Wakati wa sinema bubu tatizo hili halikuwapo. Maneno machache yaliandikwa katikati ya picha, na kila nchi ikayabadilisha kwa lugha yake. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, wakubwa wa Hollywood waliingiwa na hofu ya kupoteza soko la Amerika ya Kusini. Dawa waliyoibuni ni kutengeneza sinema ileile mara mbili. Mfano mashuhuri ni *Drácula* ya mwaka 1931. Mchana waigizaji wa Kiingereza walifanya kazi yao, na usiku, katika majengo yaleyale ya studio, wakaingia waigizaji wa Kihispania. Lakini waigizaji hao waliokotwa kutoka kila upande. Dracula mwenyewe, Carlos Villarías, alikuwa Mhispania. Binti anayewindwa, Lupita Tovar, alikuwa Mmeksiko. Na mchumba wake, Barry Norton, alizaliwa Ajentina. Watu wa familia moja na marafiki zao wakawa wanasema kwa lafudhi tatu.

Sinema za namna hiyo zilizua manung'uniko. Mtu wa Buenos Aires aliposikia matamshi ya Madrid katika kinywa cha kijana wa mtaani, alicheka mahali ambapo hakutakiwa kucheka. Ubishi ulikuwa mkubwa hata ukapewa jina la vita vya lafudhi, na mnamo Oktoba 1931 wajumbe wa nchi za Kihispania walikutana Madrid katika mkutano wa mambo ya sinema, ambako suala la Kihispania kipi kitumike lilizungumzwa. Mkutano haukuumaliza ubishi. Waliosaidia kuumaliza ni waimbaji.

Wa kwanza ni Carlos Gardel, bingwa wa tango. Kampuni ya Paramount ilimtengenezea sinema Joinville, karibu na Paris, na baadaye New York. Gardel alisema na kuimba kama mtu wa Buenos Aires, wala hakuomba radhi kwa ajili hiyo. Inasimuliwa kwamba katika majumba mengine watazamaji walimlazimisha mwendesha mashine airudishe kanda nyuma ili wausikie wimbo mara ya pili. Alipokufa katika ajali ya ndege Medellín, tarehe 24 Juni 1935, alikuwa ziarani Kolombia, mbali na kwao, na bara zima likaomboleza.

Mwaka mmoja baadaye, 1936, Meksiko ilitoa *Allá en el Rancho Grande*, iliyoongozwa na Fernando de Fuentes, na Tito Guízar ndiye aliyeimba. Ni hadithi nyepesi ya mapenzi na wivu katika shamba la mifugo, yenye farasi, kofia pana na nyimbo za huko bara. Sinema hiyo ilivuka mipaka yote, ikajaza majumba katika nchi ambazo watu wake hawakuwahi kuiona Meksiko. Mpigapicha wake, Gabriel Figueroa, alituzwa Venice mwaka 1938. Tangu hapo watengenezaji wa Meksiko walijua njia iko wapi.

Hapa napenda kutua kidogo, kwa maana jambo hili linagusa kazi yangu. Mbona watu wa Amerika ya Kusini walizikimbilia sinema hizi na hali za Hollywood zilikuwa na fedha nyingi zaidi na mitambo bora zaidi? Sehemu kubwa ya jibu ni kusoma. Sinema za Kiingereza zilionyeshwa zikiwa na maandishi ya tafsiri chini ya picha, na maandishi hayo hupita upesi. Nchini Meksiko kwenyewe, mwaka 1930, zaidi ya nusu ya watu wazima hawakujua kusoma. Kwa mchuuzi wa sokoni au mwanamke aliyetoka shamba kuja kufua nguo mjini, maandishi yale yalikuwa ukuta. Sinema ya Meksiko ilimjia kwa sikio. Mimi niliyeshiriki kisomo cha watu wazima katika miaka ya 1970 nawafahamu watu wa namna hiyo. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Walikuwa na akili zao, na kumbukumbu iliyotushinda sisi wenye madaftari. Kilichokosekana ni mtu wa kusema nao kwa njia waliyoizoea. Sinema ya Meksiko iliwafikia watu ambao shule ilikuwa haijawafikia.

Hata hivyo tusidanganyike tukadhani kwamba nyimbo na masikio vilitosha. Katika miaka ya 1930 Ajentina ilikuwa na studio imara, na Libertad Lamarque, mwimbaji wake, alipendwa bara zima. Kilichoiangusha ni vita. Meksiko iliingia Vita Kuu ya Pili upande wa Marekani mwezi Mei 1942, lakini Ajentina ilishikilia kutofungamana, na haikutangaza vita hadi Machi 1945. Kanda tupu za kupigia picha zilitoka Marekani. Ajentina ikabaniwa kanda. Meksiko ikapewa kanda, mitambo na mafundi. Watazamaji wa Lima au Caracas hawakuulizwa wanapenda lafudhi ipi. Waliona kilichowafikia.

Meksiko iliitumia vizuri nafasi hiyo. Mwaka 1943 ilitengeneza *Doña Bárbara*, kutokana na riwaya ya Rómulo Gallegos wa Venezuela, ambaye mwaka 1948 alikuja kuwa rais wa nchi yake. Riwaya ya Venezuela, iliyoigizwa na María Félix wa Meksiko, ikatazamwa na mataifa yote ya Kihispania. Lamarque naye alihamia Meksiko, na mwaka 1947 akaonekana pamoja na Jorge Negrete katika *Gran Casino*, iliyoongozwa na Luis Buñuel, Mhispania aliyekuwa uhamishoni. Muajentina, Mmeksiko na Mhispania walikutana katika kazi moja, jambo ambalo wanasiasa wao hawakuliweza. Baada ya mwaka 1939 Meksiko haikuwa na uhusiano wa kibalozi na serikali ya Franco, na hali hiyo iliendelea hadi 1977. Hata hivyo Negrete alipofika Hispania mwaka 1948, alilakiwa na umati wa watu kana kwamba ni mwana wa nyumbani.

Mfano unaonifurahisha kuliko yote ni Cantinflas. Huyu alikuwa mchekeshaji mwenye suruali inayoteremka, masikini wa Jiji la Meksiko anayesema maneno mengi mfululizo bila kufika popote. *Ahí está el detalle* ya mwaka 1940 ilimfanya maarufu kila mahali Kihispania kinakosemwa. Mtu angetarajia kwamba usemi wa mtaa mmoja wa jiji moja usingeeleweka kwingine. Kumbe kila nchi ilikuwa na watu wake wanaosema sana bila kusema kitu, na wengi wao walikuwa na vyeo. Mwaka 1992 Chuo cha Lugha cha Madrid, mlinzi mkuu wa usanifu wa Kihispania, kiliingiza katika kamusi yake kitenzi kilichoundwa kutokana na jina lake. Neno la mtaani lilipita mlango mkuu.

Enzi hiyo ilififia baada ya miaka ya 1950. Televisheni iliingia, hadithi zikarudiwa mno, na nyota wakubwa wakafariki: Negrete mwaka 1953, Pedro Infante mwaka 1957. Tangu hapo kila nchi imekuwa na sinema zake, na nyingi hazitoki nje. Mwaka 2014 Hispania ilitoa *Ocho apellidos vascos*, ichekeshayo kuhusu kijana wa Sevilla anayejifanya Mbasque. Mamilioni ya watu walikwenda kuitazama huko kwao, lakini ng'ambo ya Atlantiki haikuwa na kishindo cha namna hiyo, kwa sababu mzaha wake unamtaka mtazamaji ajue utani wa majimbo yale. Mwaka huohuo Ajentina, ikisaidiwa na fedha za Hispania, ilitoa *Relatos salvajes*, ambayo ilipendwa nchi nyingi. Hasira ya raia anayenyanyaswa na ofisi ya serikali haihitaji maelezo mahali popote.

Na vita vya lafudhi je, vimekwisha? Mwaka 2018 Alfonso Cuarón alitoa *Roma*, sinema ya Meksiko inayomhusu mtumishi wa ndani. Ilipoonyeshwa Hispania, Netflix iliweka maandishi ya kutafsiri Kihispania cha Meksiko kwa Kihispania cha Hispania, hata neno la kawaida la kumwita mama likabadilishwa. Cuarón alikasirika, akasema hayo ni matusi kwa Wahispania wenyewe, na mwezi Januari 2019 maandishi yakaondolewa. Nadhani alikuwa na haki. Kumtafsiria mtu lugha anayoielewa ni kumwambia kwamba usemi wa mwenzake si lugha kamili. Tena katika sinema hiyohiyo mtumishi, aliyeigizwa na Yalitza Aparicio, anasema Kimixteki na mwenzake jikoni. Hapo ndipo tafsiri ilipohitajika kwa Mmeksiko na Mhispania sawasawa. Tunapoisifu lugha inayounganisha nchi ishirini, tukumbuke pia lugha zilizoachwa jikoni.

Sisi wa Afrika Mashariki tumeonja sehemu ya mambo haya kupitia tamthilia za Meksiko zilizotiwa sauti za Kiingereza na kuletwa katika televisheni zetu. Midomo ilisema hivi na sauti ikasema vile, na bado majirani walikusanyika sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, wakabishana hadi usiku kuhusu nani atamwoa nani. Wengi wao hawakukijua Kihispania wala Kiingereza. Waliifuata hadithi kwa macho.

Basi naona imani ile niliyoitaja mwanzoni ina ukweli nusu. Lugha moja hufungua mlango, lakini haimkaribishi mgeni kiti. Sinema zilizosafiri hazikusafiri kwa kujikwangua lafudhi ili zisijulikane zatoka wapi. Zile za *Drácula* na wenzake zilijaribu, zikachekwa. Zilizosafiri zilikuwa za mahali hasa: za Buenos Aires kwelikweli, za shamba la Meksiko kwelikweli. Pamoja na hayo zilihitaji fedha, kanda na wasambazaji, na vitu hivyo viligawanywa na wakubwa kwa sababu zao wenyewe. Mwalimu wa lugha anayemkaripia mtoto kwa lafudhi ya kwao angefaa kumkumbuka Cantinflas. Mtoto afundishwe usanifu, naam, lakini asiondolewe sauti aliyokuja nayo kutoka nyumbani, maana huenda ndiyo itakayomfikisha mbali.