Sauti sita katika njia ya mbili: historia ya waya kati ya kompyuta, risiva na TV

Mwaka 1982 Sony walipoingiza sokoni Japani mashine ya kwanza ya kucheza CD, muziki wa sebuleni uligeuka kuwa namba. Namba hizo zilihitaji njia ya kutoka kwenye mashine hadi kwenye amplifaya zikiwa bado namba, na Sony pamoja na Philips wakaweka utaratibu unaoitwa S/PDIF. Mwaka uliofuata Toshiba wakaleta waya wa mwanga, ule ambao tundu lake la mraba bado liko nyuma ya TV nyingi na ving'amuzi vingi. Ukifungua kifuniko chake unaona mwanga mwekundu. Njia hiyo ilikatwa kwa kipimo cha CD: sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Ya tatu haikuwa na nafasi.

Naanzia huko kwa sababu mtu anayeunganisha kompyuta, risiva na TV leo, halafu akawasha filamu na kuona midomo inacheza bila sauti, kwa kawaida hulaumu kifaa alichokinunua mwisho. Mara nyingi kifaa hicho ni kizima. Kinachomsumbua ni maamuzi yaliyofanywa vipindi tofauti, kila moja likijengwa juu ya lile lililotangulia, na hakuna lililofutwa.

Juni 1992 filamu ya Batman Returns iliingia kwenye kumbi za Marekani ikiwa na kitu kipya kwenye mkanda wake. Mkanda wa sinema wa milimita 35 una matundu pembeni yanayoshikwa na meno ya projekta. Wahandisi wa Dolby Laboratories, kampuni ambayo Ray Dolby aliianzisha London mwaka 1965, waliona kwamba kile kijisehemu kilicho kati ya tundu na tundu kinakaa bure. Humo wakachapa miraba ya vidoa, na katikati ya kila mraba nembo ya kampuni. Vidoa hivyo vilibeba sauti sita: tatu za mbele, mbili za pande za watazamaji, na moja ya mngurumo mzito. Ndiyo 5.1 inayoandikwa kwenye maboksi ya spika. Ili zote zitoshe hapo ilibidi zibanwe sana, na mbinu ya kuzibana ikaitwa AC-3, ambayo kibiashara ni Dolby Digital. Mwaka uliofuata Jurassic Park ikaja na mshindani wake, DTS, ambaye yeye aliweka sauti kwenye diski za pembeni zilizokwenda sambamba na mkanda.

Katika kazi ile ya Dolby, sehemu ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ambayo watazamaji hawakuiona. Mstari wa zamani wa sauti ya analogi uliachwa palepale pembeni mwa vidoa. Mkanda ukikwaruzika na vidoa vikashindwa kusomeka, mitambo ilihamia papo hapo kwenye mstari wa zamani na filamu ikaendelea. Waliotengeneza mfumo ule walijua kwamba siku moja kitu kitaharibika, wakamwandalia mtazamaji njia ya pili. Sauti hiyo ilipohamia majumbani, mstari wa akiba haukufuata.

DVD ilianza kuuzwa Japani Novemba 1996 na Marekani Machi 1997. Sauti sita za Dolby ndani yake zilifikia kilobiti 448 kwa sekunde. Waya uliokuwapo ni uleule wa S/PDIF, ambao kwa stirio ya kilohezi 48 hupitisha kilobiti 1,536. Kwa hiyo sauti sita zilizobanwa ni ndogo kuliko sauti mbili zisizobanwa. Nafasi ilikuwa tele. Kilichokosekana ni lugha, kwa sababu waya ulikuwa haujui kitu kingine zaidi ya stirio.

Suluhisho lake liliwekwa katika kanuni ya kimataifa yenye namba IEC 61937, na linafaa kutazamwa kwa karibu. AC-3 hukatwa vipande vya milisekunde 32. Katika muda huo njia ya stirio hupitisha baiti 6,144, ilhali kipande cha AC-3 kinahitaji baiti 1,792. Basi kipande kinapakiwa, mbele yake zinawekwa alama mbili za utambulisho, F872 na 4E1F, kisha aina ya mzigo na urefu wake, na nafasi inayobaki inajazwa sifuri. Waya unaona stirio ya kawaida. Risiva ikikutana na zile alama mbili inajua kuna mzigo, inaufungua, na sauti sita zinatoka. Ni kama kifurushi unachompa kondakta wa basi la Mbeya: hana haja ya kujua kilichomo, ila kikifunguliwa njiani na kupangwa upya, anayekipokea hana chake tena.

Kwenye menyu za vifaa kitendo cha kupitisha mzigo bila kuufungua huandikwa Passthrough au Bitstream, na kompyuta ndiyo iliyokipata kwa shida zaidi. Kompyuta imezoea kuchanganya sauti. Muziki, mlio wa ujumbe na sauti ya video hukutana kwenye kichanganyio kimoja, zikaongezwa au kupunguzwa, kisha zikatolewa pamoja. Kwa stirio halisi hakuna ubaya. Lakini mzigo uliovalishwa stirio ukipunguzwa hata kidogo, namba zote zinabadilika, alama zinapotea, na risiva inanyamaza. Vibaya zaidi, inaweza kudhani ni stirio kweli na kutoa mshindo wa kelele unaotisha spika na watu waliomo chumbani. Ndiyo maana Passthrough ikiwashwa, kuongeza na kupunguza sauti kwenye kompyuta hakufanyi kazi. Ni rimoti ya risiva tu. Wengi huiona hali hiyo wakadhani ni ubovu.

Windows Vista, iliyofika madukani mwanzoni mwa 2007, iliiwezesha programu moja kuushika waya peke yake bila kupita kwenye kichanganyio. Upande wa Linux, PulseAudio iliruhusu jambo hilo katika toleo la 1.0, mwaka 2011. Na ipo programu ambayo historia yake haitenganishwi na sebule: ilianza 2002 ikiitwa Xbox Media Player, ikiwa kazi ya watu wa kujitolea waliotaka kuonyesha filamu kwa mashine ya michezo ya Microsoft, baadaye ikawa Xbox Media Center, na tangu 2014 tunaijua kwa jina la Kodi. Toleo lake la 12, la Januari 2013, lilileta injini mpya ya sauti iliyoweza kupitisha hata zile aina kubwa za sauti za diski za Blu-ray.

Kufikia hapo waya wenyewe ulikuwa umebadilika. Desemba 2002 kampuni saba, zikiwemo Hitachi, Sony, Philips na Toshiba, zilitoa HDMI, iliyobeba picha na sauti pamoja. Mabadiliko makubwa kwangu hayakuwa hayo. S/PDIF ilikuwa ya kwenda tu, haina kurudi. Mashine haikuwa na namna ya kuuliza risiva inaelewa nini. Mwenye nyumba ndiye aliyejibu kwa kuchagua kwenye menyu ya DVD. HDMI ilirithi kutoka kwenye skrini za kompyuta utaratibu wa EDID, uliotungwa 1994, ambao kwao kifaa kinachopokea hutoa orodha ya yale kinayoyaweza. Kila aina ya sauti imeelezwa kwa baiti tatu: aina yake na idadi ya njia, kasi, na kiwango. Kompyuta husoma orodha hiyo na kuiamini kabisa.

Kuanzia hapo tatizo la zamani la kutoulizwa likageuka kuwa tatizo jipya: nani amejibu? Kompyuta ikiingia kwenye risiva, na risiva ikaenda kwenye TV, risiva inapaswa kuchanganya majibu, ya picha yatoke kwa TV na ya sauti yatoke kwake. Risiva nyingi zikiwa zimezimwa kwa rimoti huruhusu picha ipite, na wakati huo anayejibu ni TV. TV ina spika mbili, kwa hiyo inasema stirio. Ukija kuiwasha risiva dakika kumi baadaye, kompyuta inaweza kubaki na jibu la kwanza. Waya ni mzima, risiva ni nzima, lakini DTS haitoki.

Mwaka 2006 HDMI 1.3 ilifungua mlango kwa Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, sauti za Blu-ray zisizopoteza chochote. Inafurahisha kuona namna zilivyopitishwa: kwa ujanja uleule wa DVD, ila kwa nguo kubwa zaidi. Mzigo wa TrueHD huvalishwa sauti isiyobanwa ya njia nane ya kilohezi 192, jumla ya megabiti 24.576 kwa sekunde. Kompyuta za kawaida zililiweza hilo pale kadi za picha za Radeon HD 5000 zilipotoka Septemba 2009.

Mwaka huohuo ilikuja HDMI 1.4 na ARC, njia ya sauti kurudi kutoka kwenye TV kwenda kwenye risiva kwa waya uleule. Hapa kwa maoni yangu ndipo sebule nyingi zilipovurugika. ARC iliiweka TV katikati, kifaa ambacho kazi yake ni picha, na ilijengwa kwa kipimo cha S/PDIF. Dolby Digital inapita. Dolby Digital Plus, inayotumiwa na Netflix, inapita ikiwa TV inakubali. TrueHD haipiti, hata ununue waya wa bei gani. Na TV isiyokuwa na DTS kwenye orodha yake inaweza kuizuia DTS isifike kwa risiva inayoielewa vizuri. HDMI 2.1, iliyotolewa Novemba 2017, ilileta eARC yenye uwezo wa hadi megabiti 37, na pia njia yake yenyewe ya kuiuliza risiva moja kwa moja. Kizuizi cha 1982 kiliondoka hapo, kwa wale wenye vifaa vipya pande zote mbili, na waliokumbuka kuiwasha kwenye mipangilio ya TV.

Kwa hiyo anayetafuta tatizo asianze kwa kubadilisha waya. Atazame kwanza kioo kidogo cha mbele ya risiva. Kikiandika PCM, yaani sauti isiyobanwa, mzigo umefunguliwa njiani, na aliyeufungua ni kompyuta au TV. Kikiandika Dolby Digital wakati filamu ina TrueHD, mtu wa katikati ameshusha kiwango. Kisha aulize kompyuta yenyewe imeambiwa nini. Kwenye Linux majibu ya EDID kuhusu sauti huandikwa katika mafaili yanayoanza na eld, ndani ya folda ya /proc/asound, na mstari wa monitor_name unataja jina la aliyejibu. Kwenye Windows jina hilo linaonekana katika orodha ya vifaa vya sauti. Ukikuta jina la TV mahali ulipotarajia la risiva, usiguse kitu kwenye Kodi. Zima vyote, washa TV, kisha risiva, mwisho kompyuta, halafu lisome jina upya.