Majike wa Sufu na Baridi Inayopungua

Mwaka 1951 miti ya hemloki mjini Richmond, jimbo la Virginia, ilikutwa na vitone vyeupe kama pamba chini ya vijiti vyake. Ndani ya kila kitone mlijificha mdudu asiyefika milimita mbili, akinyonya akiba ya chakula cha mti. Wadudu hao mashariki mwa Marekani ni majike watupu, na huzaa bila dume. Mmoja tu akichukuliwa na upepo au na ndege, anatosha kuanzisha ukoo.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeshtuka sana. Wanasayansi walikwisha kumjua: P. N. Annand alimwita Adelges tsugae mwaka 1924, kutokana na wadudu wa pwani ya magharibi, ambako miti huishi naye bila tabu. Lakini wa mashariki walikuwa nasaba nyingine. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2006, ulioongozwa na Nathan Havill akiwa Chuo Kikuu cha Yale, uliwafuatilia hadi kusini mwa Japani. Hemloki ya mashariki, mti wa jamii ya misonobari unaoweza kuishi karne nyingi, haikuwa na kinga. Ikivamiwa, mara nyingi hufa katika miaka 4 hadi 10.

Mlinzi wake alikuwa baridi. Mdudu huyu hulala kiangazi na kula wakati wa theluji, hivyo baridi kali humkuta mezani. Katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Joseph Elkinton na wenzake walichunguza ni wangapi hufa kila majira ya baridi, na mwaka 2008 wakataja mpaka: wastani wa joto la majira hayo ukiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi chini ya sifuri, wadudu hawaongezeki. Baridi inavyopungua, mpaka huo sasa unasogea kaskazini. Tena, mwaka 2005 watafiti wa chuo hichohicho walionyesha kwamba wadudu wa Massachusetts wanastahimili baridi zaidi kuliko wa Maryland. Kwa viumbe wasiojamiiana, hiyo ni kasi ya kutisha ya kubadilika.

Watafiti wa Harvard Forest, msitu wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard mjini Petersham, Massachusetts, hawakungoja mdudu aue miti. Mwaka 2005 walikata magome kuzunguka mashina, hemloki zikakauka zimesimama, ili waone msitu utageuka nini. Mibetula ikachipua kwa wingi.

Mdudu naye aliendelea kusogea: mwaka 2017 alionekana Nova Scotia, Canada.

Tangu mwaka 2003 vyuo, kikiwemo Virginia Tech, vimeshiriki kuachilia mbawakawa Laricobius nigrinus kutoka magharibi, anayemla mdudu huyu. Naye huwinda wakati wa baridi. Ila masika, kizazi cha pili cha wadudu kinapoibuka, mabuu yake yameshashuka udongoni kukomaa, na mti hunyonywa upya. Ndiyo maana watafiti wameanza kuongeza inzi wadogo wa rangi ya fedha, nao wa magharibi, ambao mabuu yao huendelea kuwinda masika.